Printa ya picha nyumbani: matangi ya wino au utepe?

Simu zimejaa picha za harusi na za Idi, ukutani hakuna hata moja. Ndiyo maana hapa Tanga swali linarudi kila mara: badala ya kwenda kusafisha picha studio kule Ngamiani, si bora ninunue printa yangu? Wengi huanza na bei ya mashine. Mimi ningeanza kwa kuuliza utachapa mara ngapi.

Printa ya matangi, kama Epson L8050, ina wino wa rangi sita: nyeusi, njano, samawati, majenta (waridi iliyokolea), kisha samawati na majenta nyepesi. Hizo mbili nyepesi ndizo zinazofanya ngozi ya uso itoke laini, bila vidoadoa. Inachapa hadi A4, na kwa kuwa wino ni wa chupa, kila picha inakugharimu kidogo. Hapo inashinda wazi. Adui yake ni kukaa bure. Wino hukauka kwenye vitundu vya kichwa cha kuchapia, na siku ukiihitaji, uso wa bibi harusi unatoka na mistari myeupe. Ukiiamuru ijisafishe, inamwaga wino uleule ulioununua.

Printa ya utepe, kama Canon Selphy CP1500, haitumii wino wa maji. Joto huhamisha rangi kutoka kwenye utepe, nawe unaiona karatasi ikiingia na kutoka mara nne: njano, majenta, samawati, mwishowe utando wa kinga. Picha inatoka kavu; tone la maji halichuruzishi rangi. Hata ikilala kabatini miezi, hakuna cha kuziba. Lakini saizi yake haizidi ile ya postikadi, na karatasi zake huuzwa pamoja na utepe, kwa hiyo wino wa kujaza wa mtaani hauwezi kukuokoa. (Utepe uliotumika hubaki na kivuli cha picha zako. Ukatekate kabla ya kuutupa.)

Nyumba nyingi huchapa kwa msimu: Idi, harusi, mahafali. Kwa nyumba hizo nachagua utepe, ingawa kila picha inagharimu zaidi. Anayechapa kila wiki achukue matangi, ila karatasi azifunge vizuri kwenye mfuko wake, maana unyevu wa pwani huzipinda. Picha kubwa ya sebuleni ipelekwe studio tu, na kwenye fremu isigusane na kioo. Ikishika unyevu hunata, na kuibandua ni kuichana.