Meza ya Mvule na Kontena la Taka

Kazi yangu hapa London ni kuhamisha ofisi. Kampuni ikimaliza mkataba wa pango, tunapewa funguo Ijumaa jioni, na Jumatatu asubuhi mwenye jengo anataka sakafu tupu. Mwaka jana tulitoa meza zaidi ya mia mbili kwenye ghorofa mbili tu. Meza nzima, droo zinateleza, na baadhi ya viti bado vina nailoni ya dukani mgongoni. Nyingi tuliziingiza kwenye kontena la taka.

Nimezaliwa kambi ya polisi ya Nsambya, Kampala, Uganda. Ndani ya kambi ilikuwa Kiswahili asubuhi hadi usiku, na ukitoka nje unakutana na maseremala wakipiga randa kando ya barabara. Kwa hiyo usiku ule nilibeba meza huku nikipiga bei kichwani: hii ingeuzwa ngapi Nsambya? Na ile?

Nikiwasimulia watu wa nyumbani wananiambia Wazungu wana kiburi cha pesa. Mimi naona wamebanwa na tarehe. Yapo mashirika ya hisani yanayopokea fanicha, ila yanataka kujulishwa mapema, na sofa ya mapokezi isiyo na lebo ya usalama wa moto hayaigusi. Halafu fundi. Kumwita mtu aje akaze mguu wa meza kunaweza kugharimu zaidi ya kununua meza nyingine. Nani atamwita?

Ndipo serikali yao ikatumia fimbo ya kodi. Tangu 1996 kila tani inayozikwa dampo inatozwa; ilianza pauni 7, na mwaka 2025 ikapita pauni 126. Bosi wangu leo anahangaika kutafuta wa kumpa meza kwa sababu kontena linamuuma mfukoni. Hata kilichotupwa hakifiki chote dampo, maana chuma kinayeyushwa na mbao zinasagwa. Sawa, lakini meza iliyosagwa haiandikiwi tena.

Mwaka huohuo wa 1996 ndio Kampala ilianza kumwaga taka Kiteezi. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima ule uliporomoka, ukafunika nyumba, watu zaidi ya 30 wakafa. Nilikaa na simu hadi usiku wa manane nikitazama picha. Maganda ya matoke, kaveera (mifuko ya plastiki), chupa, matope. Kiti sikukiona hata kimoja, na sikushangaa. Kwetu kiti hakipati nafasi ya kufika huko. Mguu ukivunjika kinakwenda kwa fundi, chuma kikipasuka kinakwenda Katwe kuchomelewa, sponji ikiisha inashonewa nyingine. Kikishindikana kabisa, kuni.

Kwa hiyo mtu akija Kampala na semina ya kutufundisha kutumia vitu tena, nitacheka kidogo. Wasiwasi wangu uko kwingine. Nilipokuja likizo 2023 niliona ofisi mpya zimejaa meza za chipubodi, unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Zinang'aa, ni rahisi kubeba, na mhasibu anazipenda. Zikinywa maji zinavimba kama mandazi, skrubu haishiki tena, na seremala anakurudishia mikono mitupu. Hata kuni ni mbaya, ule moshi wa gundi si wa kupikia chakula cha watoto. Fanicha ya namna hiyo ndiyo itakayotufikisha dampo, mafundi wote wakiwa wapo.

Jambo la pili ni stoo za serikali. Ofisi moja ya wilaya, sitaitaja, ilikuwa na rundo la viti na makabati ya mafaili chini ya mwembe, mvua inanyesha juu yake. Nikamuuliza mlinzi, mzee mmoja askari mstaafu. Akasema, "Mwanangu, hivyo vinangoja kamati." Sheria ya 2003 ya ununuzi na uondoaji wa mali za umma inaruhusu mnada, inaruhusu kutoa msaada, inaruhusu hata kuhamishia ofisi nyingine ya umma. Utaratibu wenyewe siupingi. Bila huo viti vingelala nyumbani kwa wakubwa. Lakini kamati ikichelewa misimu miwili ya mvua, inakuja kuuza kutu.

Nasema hivi kwa sababu meza ya kwetu ilitoka mnadani. Ya mvule, nzito, ubavuni ina namba ya serikali kwa rangi nyeupe. Baba aliinunua akiwa bado koplo, tukasomea juu yake watoto watano, na sasa mama anaipigia pasi. Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia kwamba mguu mmoja umeanza kucheza. Nikamtumia hela ya fundi kwa simu. Jioni akanitumia picha: mguu umenyooka, vanishi mpya, na ile namba nyeupe fundi ameiacha palepale.