Yesu ni Mungu au Nabii? Ubishi wenyewe uko msalabani

Tangu mihadhara ya mlinganisho wa dini ishike kasi Tanzania miaka ya 80 na 90 swali la wahadhiri wa Kiislamu kwa Wakristo ni lilelile, tuonyesheni wapi Yesu alisema kwa mdomo wake mimi ni Mungu niabuduni. Mkristo anafungua Yohana, huku takbir kule haleluya, watu wanatawanyika kila mtu na lake. Na sio mchezo, Februari 1998 pale Mwembechai Dar watu walikufa kwa risasi za polisi na moja ya mambo yaliyofikisha huko ni malalamiko kwamba wahadhiri wanakashifu Ukristo kwa kusema Yesu si Mungu. Kwa Muislamu hiyo sio kashfa, ndo imani yenyewe, ila ukiisikia kwa spika na kejeli juu yake inauma, tusidanganyane.

Mi naona hilo swali linapigiwa kelele kuliko linavostahili. Wanapokubaliana ni pengi sana, Qurani inasema Isa kazaliwa na bikira, ni Masihi, kaponya vipofu na wenye ukoma, kafufua wafu, ila yote kwa idhini ya Mwenyezi Mungu (Aal Imran 49). Mama yake ndo mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina kwenye Qurani nzima, kuna Wakristo kibao hawalijui hilo.

Sasa angalia wanavobishana. Mhadhiri anakwambia Biblia imechakachuliwa, afu hapohapo anaishika Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi", kama ushahidi. We umejuaje kwamba hapo pamesalimika? Mhubiri nae anachukua An-Nisaa 171 kwamba Isa ni neno la Mungu na roho itokayo kwake, anashangilia, wakati aya hiyohiyo inaendelea kukataza kusema utatu, huko hafiki. Ngoma droo. Tena huo mstari wa Yohana haumbani Mkristo kihivo maana yeye anaamini Yesu ni Mungu kamili na mtu kamili, ndo walivoandika maaskofu kwenye baraza la Kalkedoni mwaka 451, kwaiyo kusali na kusikia njaa ni upande wa utu wake. Muislamu atasema hayo ni ya mabaraza, Nikea 325 na kuendelea, wavuvi wa Galilaya hawakuongea hivo. Ana pointi, japo "Bwana wangu na Mungu wangu" ya Tomaso (Yohana 20:28) iliandikwa zamani kabla ya Nikea.

Penye moto wenyewe ni msalaba. An-Nisaa 157 inasema hawakumuua wala hawakumsulubu bali walifananishiwa, na Paulo kwenye 1 Wakorintho 15 anasema kama Kristo hakufufuka basi imani yenu ni bure, hapo hamna katikati. Kihistoria Mkristo yuko vizuri, hata Tacitus, Mrumi ambaye Wakristo hakuwapenda kabisa, kaandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Muislamu anajibu Tacitus kaandika kilichoonekana, na aya inasema kilichoonekana sicho, wafasiri wengine wanasema kuna mwanafunzi alijitolea akapewa sura ya Isa. Sawa, ila jibu la hivo hakuna ushahidi wowote unaoweza kuligusa, na bado anabaki mama yake aliyesimama pale msalabani kwa mujibu wa Yohana, nae alifananishiwa?

Ila kwenye maana ya kifo chenyewe Muislamu ndo ana swali gumu zaidi. Qurani inasema hakuna abebaye mzigo wa mwingine, na Yesu mwenyewe kwenye Luka 15 kamwelezea baba anayemkimbilia mwana mpotevu, anamkumbatia, anachinja ndama wa kusherehekea, hakuna aliyeuawa ili msamaha upatikane, sasa Mungu anahitaji damu ya nini? Jibu zuri nililowahi kusikia kwa Wakristo ni kwamba anayefuta deni ndo anayekula hasara, na msalabani Mungu kaila mwenyewe, hakumsukumia mtu mwingine. Lakini jibu hilo linasimama tu kama aliyesulubiwa ni Mungu kweli, akiwa mtu mwingine basi asiye na hatia kabebeshwa, na hapo Muislamu atakuwa kashinda. Mhadhara wa kukaa kwenye hoja hii moja mpaka jioni ningeenda kuusikiliza hata jua la saa nane.