Tovuti Tuli na Katibu Wetu

Mwaka jana niliiondoa tovuti ya SACCOS yetu kwenye WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, nikaihamishia Hugo, programu ya kujengea tovuti tuli, yaani tovuti ya kurasa zilizokwisha andaliwa. Haijasumbua tangu hapo. Pia tangu hapo katibu wetu ameacha kuchapisha matangazo kwa mkono wake. Nayataja yote mawili kwa sababu wanaosifia tovuti tuli huishia kwenye la kwanza.

La kwanza ni kweli tupu. WordPress, kwa kawaida yake, hupika ukurasa kila mgeni anapobisha hodi: PHP, lugha ya programu inayoiendesha, inaamka, inaiuliza hifadhidata, inakusanya vipande, ndipo inapakua. Hugo iliyoanzishwa na Steve Francia mwaka 2013, kama Jekyll ya Tom Preston-Werner ya mwaka 2008, hupika mara moja tu, kisha hupeleka kwenye seva sahani zilizokwisha pakuliwa. Hakuna hifadhidata ya kudukuliwa wala programu-jalizi, yaani vipande vya kuongezea uwezo, ya kusasisha kila wiki. Sisi tulishaingiliwa kupitia programu-jalizi ya fomu iliyosahauliwa; wanachama wakawa wanafungua ukurasa wa mikopo wanajikuta kwenye kamari. Kwa tovuti ya kurasa arobaini na tangazo moja kwa wiki, mtambo mzima ule ulikuwa kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mshikaki mmoja.

Na violezo vya Hugo, yaani sura moja ambayo kurasa zote huifuata, nimevipenda. Namba ya simu ya ofisi ilipobadilika, niligusa mstari mmoja, kurasa zote zikafuata.

Sasa katibu. Tunamwita Mwalimu, maana amestaafu ualimu. Markdown, namna ya kuandika kwa alama chache ambayo Hugo huigeuza kuwa ukurasa, haikumshinda: John Gruber alipoitoa mwaka 2004 alitaka maandishi yasomeke hata kabla hayajageuzwa kuwa ukurasa, na kweli yanasomeka. Alama ya reli na nafasi moja, umepata kichwa cha habari. Nyota mbili kila upande, neno limekoza. Mchana mmoja ulitosha.

Kilichomshinda ni vitu vinavyoizunguka. Juu ya kila faili kuna mistari michache ya utambulisho, kichwa na tarehe. Mwalimu akaandika kichwa chake, Mkutano Mkuu: Ratiba na Ajenda. Ile nukta pacha ikaigomesha Hugo, tovuti nzima ikakataa kujengwa. Dawa ilikuwa kukifunga kichwa ndani ya alama za nukuu, lakini nani angemwambia?

Mara ya pili ilikuwa saa nne asubuhi. Akajaza tarehe, akaandika 10:00, akahifadhi. Kimya. Akanipigia: "Mwanangu, tangazo langu limekwenda wapi?" Hugo, usipoitajia majira, huhesabu kwa saa za UTC, saa za pamoja za dunia, na sisi tuko saa tatu mbele. Kwake, tangazo la Mwalimu lilikuwa la baadaye, na ya baadaye huyaacha nje. Hata saa saba mchana ilipofika halikutokea lenyewe, kwa kuwa tovuti tuli haijijengi upya mpaka iamshwe. Nilirekebisha kwa mstari mmoja kwenye mipangilio, Africa/Dar_es_Salaam. Imani yake sikuweza kuirekebisha kwa mstari mmoja. Siku hizi ananitumia matangazo WhatsApp.

Wapo watakaosema kosa ni langu, kwamba ningemwekea Decap CMS, programu ya kuhariria tovuti tuli, aandike ndani ya kivinjari kama alivyozoea. Hoja ina uzito. Nimeijaribu, inafanya kazi, ila mlango wake wa kuingilia unafungwa na Git, mfumo wa kutunza matoleo ya faili, na lazima mtu auunde na kuutunza. Hapo unaanza kurudisha ndani, kipande kwa kipande, mtambo ulioutupa nje. Fomu ya maombi ya mkopo nayo inahitaji huduma ya pembeni ya kuipokea.

Kwa mtu anayeandika na kujenga mwenyewe, ningesema ahamie leo. Kwa chumba cha habari chenye waandishi watano, singethubutu kabla ya kuwatengenezea njia yao ya kuandikia. Sisi tuko katikati, na nimeamua tubaki Hugo, maana ile kamari sijaisahau. Lakini mwezi uliopita nilikuwa safarini Mbeya bila kompyuta, na tangazo la gawio likakaa kwenye simu yangu siku tatu.