Kabla ya kumlaumu rabi kwa bei ya sahani

Shutuma ni nyepesi kuitamka: mgahawa wa kosher, yaani wa chakula kinachofuata sheria ya dini ya Kiyahudi, ni ghali kwa sababu marabi wamekaa katikati ya mpishi na mlaji, wakichukua chao. Mwenye mgahawa analipia cheti cha kosher, analipia msimamizi wa kidini anayeshinda jikoni, na mwisho wa yote gharama inamwangukia baba wa watoto sita aliyetaka tu kuwatoa wanawe wakale kuku Jumapili jioni. Wanaosema hivyo mara nyingi ni Wayahudi wenyewe, tena wale wanaoshika dini, ambao hawana pengine pa kula.

Kwamba bei ni kubwa, sibishi. Golders Green, kitongoji cha kaskazini-magharibi mwa London, ina migahawa ya kosher na isiyo ya kosher kwenye barabara moja, na anayesoma orodha za bei zilizobandikwa milangoni hahitaji mchumi wa kumfafanulia. Ninachobisha ni chanzo cha bei hiyo. Lawama imepelekwa kwa mtu anayeonekana, yule anayekagua majani ya saladi dhidi ya wadudu, ikaachwa kalenda, ambayo haionekani na inakula zaidi.

Tuhesabu. Sabato, ambapo kazi na biashara husimama tangu jua la Ijumaa kuzama hadi usiku wa Jumamosi, ni siku 52 kwa mwaka. Juu yake kuna sikukuu ambazo Torati imezikataza kazi; nje ya Israeli ni siku 13, kwa kuwa Wayahudi wa ughaibuni huziadhimisha nyingi kati yake kwa siku mbili mbili. Baadhi huangukia Jumamosi, hivyo zinazoongezeka ni kati ya 9 na 12, kutegemea mwaka. Bekari ina mzigo wa ziada. Wakati wa Pasaka ya Kiyahudi, kitu chenye chachu hakiruhusiwi hata kumilikiwa. Siku nne za katikati ya sikukuu hiyo mgahawa unaweza kupika vyakula vya Pasaka ukauza, lakini mwoka mikate hana cha kuoka. Unga uliobaki stoo huuzwa kwa mkataba kwa mtu asiye Myahudi, kisha hununuliwa tena sikukuu ikiisha. Jumla inafika kama siku 65: zaidi ya siku moja kati ya kila sita mlango umefungwa, huku kodi ya pango ikilipwa kwa siku zote 365.

Na 65 ni hesabu ya upole. Inachukulia kwamba siku zote ni sawa, jambo ambalo mwenye mgahawa yeyote atalicheka. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi nzima ndipo London inapokula nje, na ndipo mgahawa wa kosher unapokuwa giza. London iko mbali sana kaskazini, kwa hiyo jua linaongeza lake. Desemba Sabato inaingia kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo Ijumaa inabaki asubuhi na chakula cha mchana cha haraka haraka. Juni inatoka baada ya saa nne usiku. Kwa kuwa jiko haliruhusiwi kuwashwa kabla ya hapo, ukimaliza kuwasha moto na kukata vitunguu, wateja wamekwishalala. Faraja ipo majira ya baridi tu, Sabato inapotoka mapema, na bekari za Golders Green zinajaa Jumamosi usiku watu wakitafuta mikate ya bagel na keki. Mwenye mgahawa wa Mombasa au Unguja anaijua nusu ya hesabu hii kwa Ramadhani: mchana unapotea, lakini jua likizama futari inarudisha wateja. Sabato ya Juni haina futari.

Mfano mmoja ninaurudia kila mjadala huu ukizuka ni Oktoba 2024. Mwaka Mpya wa Kiyahudi uliangukia Alhamisi na Ijumaa, tarehe 3 na 4, ukifuatwa na Sabato. Siku ya Upatanisho ikawa Jumamosi ya tarehe 12. Sikukuu ya Vibanda ikaanza Alhamisi ya tarehe 17: Alhamisi, Ijumaa, Sabato. Wiki iliyofuata, siku za kufungia sikukuu zikashika Alhamisi, Ijumaa, na Sabato tena. Kuanzia tarehe 3 hadi 26 ni siku 24, na 10 kati yake mgahawa umefungwa, zikiwamo Alhamisi tatu, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya biashara ya kawaida kabla ya mapumziko ya wiki. Katikati ya hayo, mwenye mgahawa anatakiwa ajenge kibanda nje ili wateja wapate pa kulia kwa mujibu wa sheria ya sikukuu hiyo, tena kwenye mvua ya Oktoba ya London. Anayesema tatizo ni ada ya cheti na anionyeshe cheti kinachofunga mlango siku 10 kati ya 24.

Kisha kuna siku tisa zinazoishia kwenye mfungo wa kukumbuka kubomolewa kwa Hekalu, mwezi wa Julai au Agosti. Kwa desturi ya Wayahudi wa asili ya Ulaya, nyama hailiwi siku hizo isipokuwa Sabato, na Sabato mgahawa umefungwa. Mwenye mgahawa wa nyama anahamia kwenye samaki au anakwenda likizo asiyoichagua.

Jikoni kwenyewe hesabu inaendelea. Nyama na maziwa havikutani, kwa hiyo mgahawa unachagua upande mmoja. Wa nyama hauuzi kahawa ya maziwa wala aiskrimu ya maziwa baada ya mlo, vitu ambavyo migahawa mingine huviuza kwa faida nono. Wa maziwa una samaki, pizza na tambi, lakini hauna nyama ya kuvutia meza ya watu kumi. Nyama yenyewe ni ya sehemu ya mbele ya ng'ombe. Kisa cha Yakobo na mshipa wa paja, Mwanzo 32, ndicho chanzo: kuondoa mishipa na mafuta yaliyokatazwa katika sehemu ya nyuma kunahitaji fundi na muda, na Uingereza kwa kawaida haifanyiki, kwa hiyo sehemu ya nyuma, yenye steki laini zinazotafutwa, huuzwa kwenye soko la kawaida. Iliyobaki hulowekwa nusu saa, ikatiwa chumvi saa nzima, ikaoshwa. Halafu mteja anauliza kwa nini steki ni ghali.

Keki kukosa siagi ni lalamiko jingine, na hilo nalo lina sababu yake. Mlo wa Ijumaa usiku kwa kawaida ni wa nyama, na keki ya siagi isingeweza kuliwa baada yake. Ndiyo maana bekari huoka kwa mafuta ya mimea, na vyenye maziwa huwekwa lebo na kutengwa. Mkate nao: marabi wa kale walikataza kuukanda kwa maziwa, mtu asije akaula na nyama kwa kusahau. Mikate ile ya kusokotwa iitwayo challah inahitajika miwili kwa kila mlo mkuu wa Sabato, kukumbuka mana maradufu ya Kutoka 16, kwa hiyo Alhamisi usiku na Ijumaa asubuhi bekari inabeba mzigo wa wiki nzima kwa saa chache. Hapo ndipo mhudumu anapoonekana mkali. Wakati mwingine ni mkali kweli.

Wakosoaji husahau pia kwamba biashara hizi haziwezi kuhama. Anayeshika Sabato hapandi gari siku hiyo. Anakwenda sinagogi kwa miguu, kwa hiyo ananunua au kupanga nyumba karibu na sinagogi, na wenzake vivyo hivyo. Sensa ya 2021 ilihesabu Wayahudi zaidi ya 56,000 katika manispaa ya Barnet, yenye Golders Green, Hendon na Edgware, kati ya kama 271,000 wa Uingereza na Wales zote. Mmoja kati ya kila watano, ndani ya manispaa moja. Mgahawa wa kawaida ukishindwa kodi unatafuta mtaa wa bei nafuu. Wa kosher ukiondoka kwenye barabara ile umewaacha wateja wake. Bloom's, mgahawa wa kosher, iliufuata umma wake kutoka mashariki mwa London: ilianza Brick Lane mwaka 1920, ikahamia Whitechapel High Street mwaka 1952, ikafungua tawi Golders Green mwaka 1965. Whitechapel ilifungwa mwaka 1996, Golders Green mwaka 2010. Jina lilijulikana na kila familia, na halikutosha kuiokoa.

Baada ya yote hayo ndipo tumfikie msimamizi. Yeye huwasha moto wa jiko, kwa kuwa chakula kinachopikwa na asiye Myahudi peke yake kina vikwazo. Hupasua mayai kwenye glasi kuangalia tone la damu. Hushika ufunguo wa chumba cha nyama na kuhakikisha mihuri ya mzigo haijaguswa. Ni mshahara wa mtu mzima kila siku, na mgahawa wenye meza nane unaulipa sawa na wenye meza themanini. Hapo nakubaliana na wakosoaji bila kusita: mzigo huo hauna uwiano, na ndiyo sababu mkahawa mdogo wa kijana mwenye wazo jipya ni nadra kuonekana.

Lakini wanaotaka msimamizi aondolewe, mwenye mgahawa aaminiwe kwa neno lake, wakumbuke Monsey. Mwaka 2006, katika kitongoji hicho cha jimbo la New York, Marekani, chenye Wayahudi wengi wanaoshika dini kwa ukali, iligundulika kwamba mwuza nyama mmoja, mtu wa dini aliyeheshimika, alikuwa akiuza kuku wasio wa kosher kwa lebo ya kosher. Kuku walikuwa wameshaliwa Sabato nyingi. Familia zililazimika kuchemsha masufuria, kuchoma wavu wa oveni, kutupa vyombo vya udongo visivyotakasika. Aliaminiwa kwa sababu ya sura na sala zake, na wateja ndio waliobeba hasara. Serikali isingewasaidia sana: New Jersey, jimbo jirani, mahakama yake kuu ilifuta mwaka 1992 kanuni za jimbo kuhusu kosher, kwa hoja kwamba dola haina kazi ya kuamua sheria ya dini. Nadhani ilikuwa sahihi. Maana yake ni kwamba ulinzi umebaki kwa jamii yenyewe, na ulinzi una mshahara.

Hoja ya wakosoaji inayonipa shida zaidi inahusu mamlaka, na si bei. London ina mamlaka kama nne zinazotoa vyeti: London Beth Din, Federation, Kedassia na ile ya Wayahudi wa asili ya Kihispania na Kireno. Kuna familia zinazokula chini ya cheti kimoja na kukikataa kingine, kwa hiyo soko ambalo tayari ni dogo linakatwa vipande tena. Mwenye bekari akitaka wateja wote anafuata masharti ya aliye mkali kuliko wote. Hilo si kalenda wala Torati; ni uamuzi wa watu, na watu wanaweza kuubadili. Mamlaka ikipata nguvu hujaribiwa pia kuitumia nje ya jiko. Huko Israeli, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1990 kwamba cheti cha kosher hakiwezi kunyimwa ukumbi kwa sababu una mcheza ngoma ya tumbo, kwa kuwa ngoma haiingii sufuriani. London haina mahakama inayosimamia vyeti hivyo. Mwenye mgahawa aliyebanwa na mamlaka yake anahama kwenda nyingine au ananyamaza.

Vilevile cheti kinazungumzia kuku na hakimzungumzii anayemkata. Marekani walilitambua hilo baada ya msako wa Mei 2008 kwenye machinjio ya kosher ya Postville, Iowa, ambapo wafanyakazi 389 walikamatwa na hali zao za kazi zikaanikwa. Mwaka uliofuata shirika la Uri L'Tzedek likaanzisha Tav HaYosher, cheti cha bure kwa migahawa ya kosher inayolipa na kutendea wafanyakazi kwa haki. Nashangaa wanaopigia kelele ada za marabi wa London hawaulizi mara nyingi vilevile kuhusu vijana wanaoosha masufuria pale hadi usiku wa manane.

Kama kuna jambo la kudai, basi ni mamlaka hizo nne zikubali mgawanyo wa gharama kwa ukubwa wa mgahawa, wa meza nane ulipe sehemu ya msimamizi anayezunguka kati ya majiko matatu yaliyo mtaa mmoja, kwa masharti ambayo sheria yenyewe inaruhusu: ukaguzi wa kushtukiza na mihuri ya kufuli. Mgahawa wa maziwa usio na nyama wala divai unaweza kuanza na utaratibu huo, kwa kuwa hatari yake ni ndogo. Ada nazo zichapishwe, ili mteja anayelalamikia sahani yake ajue ni peni ngapi za rabi na ni pauni ngapi za Jumamosi 52.