Kurekodi sauti kwa programu huria kwenye Linux: gharama iko wapi?

Mjadala kuhusu kurekodi na kuhariri sauti kwenye Linux, mfumo wa kompyuta ulio huria (yaani ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote), umegawanyika pande mbili ambazo hazisikilizani. Upande mmoja unashikilia kwamba mwenye kompyuta ya kawaida na maikrofoni ya wastani anaweza kupata bila malipo kila kinachopatikana katika programu za bei kubwa, na kwamba wanaobisha wamelewa matangazo ya biashara. Upande wa pili unajibu kwamba hakuna fundi wa sauti aliye makini atakayeikabidhi riziki yake kwa programu za watu wa kujitolea, na kwamba pesa inayookolewa kwa kutonunua leseni huishia kulipwa kwa saa za kuhangaika na mipangilio. Kila upande una hoja, ila zote mbili zinaelekeza nguvu mahali pasipo na tatizo, kwa sababu programu zenyewe zimekwisha kukomaa. Ugumu uliobaki uko pembezoni: pale programu inapokutana na kifaa, na pale mwenye kurekodi anapolazimika kushirikiana na watu wa mifumo mingine.

Tuchukue kwanza kazi ya sauti ya mtu anayezungumza, kama mahojiano, masomo na podikasti. Hapa watetezi wa programu huria wameshinda, na sioni la kubishana nao. Audacity, iliyobuniwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kutolewa kwa umma mwaka 2000, inafanya karibu kila linalohitajika. Tatizo la kila siku ni mvumo wa feni unaosikika nyuma ya maneno. Mhariri huchagua sekunde moja au mbili ambazo hakuna anayezungumza, akaiagiza programu ijifunze kelele hiyo ilivyo, kisha huchagua rekodi nzima na kuamua apunguze kwa kiasi gani. Akipunguza kwa desibeli 6 hadi 12, mara nyingi mvumo hufifia na sauti hubaki ya asili; akifanya pupa akafika 24, maneno huanza kusikika kama yanatoka chini ya maji. Kasoro hiyo haitokani na uhuria wa programu. Kelele na sauti ya mtu hukaa kwenye masafa yale yale, na hesabu inayoondoa moja hugusa na nyingine, iwe imelipiwa au haikulipiwa.

Wakosoaji walikuwa na hoja nzito zaidi walipolalamika kwamba Audacity ilikuwa ikibadilisha sauti yenyewe moja kwa moja, hivi kwamba mhariri aliyeongeza mwangwi na kuendelea na kazi nyingine hakuweza kurudi baadaye kuurekebisha bila kutengua yote yaliyofuata. Lalamiko hilo lilikuwa la haki kwa zaidi ya miaka 20. Toleo la 3.2, lililotoka mwaka 2022, lilileta madoido (mabadiliko ya sauti kama huo mwangwi) yanayofanya kazi wakati sauti ikiendelea kucheza na yanayoweza kubadilishwa au kuzimwa wakati wowote, ingawa wapo wanaoendelea kulirudia lalamiko lile lile kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwenye muziki mizani hubadilika, na chanzo chake ni historia. Msingi wa sauti kwenye Linux ni ALSA, sehemu ya kerneli (kiini cha mfumo) inayozungumza na kadi ya sauti. Juu ya msingi huo yalijengwa matabaka mawili yenye makusudi tofauti: PulseAudio kwa matumizi ya kawaida ya kompyuta, na JACK, iliyoanzishwa na Paul Davis, kwa wanamuziki waliohitaji kuunganisha programu moja na nyingine na kupata sauti bila kuchelewa. Matabaka hayo hayakuwa tayari kugawana kadi moja kwa amani, na mtu aliyewasha JACK arekodi gitaa aliweza kukuta kivinjari chake kimekuwa bubu. Wengi walioikimbia Linux waliikimbia kwa sababu hiyo, na siwalaumu. PipeWire, iliyoanzishwa na Wim Taymans wa kampuni ya Red Hat, imebeba kazi za matabaka yote mawili: Fedora, mojawapo ya mifumo ya Linux, iliifanya kuwa tabaka lake la kawaida la sauti mwaka 2021, toleo la 1.0 likatoka Novemba 2023, na programu zilizoandikwa kwa ajili ya JACK au PulseAudio huendelea kufanya kazi bila kujua kwamba mwenye nyumba amebadilika.

Hata hivyo, suala la kuchelewa kwa sauti halijaondoka, na linastahili kuangaliwa kwa tarakimu. Kwa mipangilio yake ya kawaida PipeWire hushughulikia sauti kwa mafungu ya sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti) 1,024. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, fungu moja ni kama milisekunde 21, na kwa kuwa sauti huingia na kutoka, mwimbaji anayejisikiliza kwenye hedifoni kupitia kompyuta huisikia sauti yake ikiwa imechelewa zaidi ya milisekunde 40. Kuchelewa huko kunatosha kumpotezea mdundo. Fungu likishushwa hadi sampuli 128, kila moja huchukua milisekunde 2.7 hivi na tatizo humwishia. Lakini sasa kompyuta inapaswa kuwahi kila fungu bila kukosa hata moja, na ikichelewa kidogo tu, rekodi huingia mikwaruzo. Ndiyo maana programu ya kurekodi hupewa kipaumbele mbele ya shughuli nyingine za mfumo, na ndiyo maana kazi ya miaka mingi ya kuifanya kerneli itimize kazi za haraka kwa wakati, iitwayo PREEMPT_RT, iliyokamilika kuingizwa kwenye kerneli ya 6.12 mwaka 2024, ilisubiriwa kwa hamu.

Mkosoaji atasema kwamba mwanamuziki hakuzaliwa ili asome habari za mafungu na kerneli, na atakuwa amesema kweli. Lakini kwenye Windows nako mwanamuziki hutakiwa kuweka kiendeshi cha ASIO (programu ya kuiongoza kadi ya sauti bila kuchelewa) na kuchagua ukubwa wa fungu kwa sababu hizo hizo. Tofauti ni kwamba huko mtengenezaji wa kadi humwekea dirisha lenye kitufe, ilhali kwenye Linux mara nyingi hutafuta mwenyewe mahali pa kubadilisha, isipokuwa ameanza na mfumo kama Ubuntu Studio ambao mengi yake huja yamepangwa. Tena, kadi nyingi za nje zina swichi ya kumrudishia mwimbaji sauti yake papo hapo bila kupitia kompyuta, na kwa anayerekodi traki (mkondo mmoja wa sauti, kama wa gitaa au wa mwimbaji) moja moja swichi hiyo inamaliza mjadala wote.

Kadi za sauti zenyewe ndizo zinazoamua mengi. Zinazofuata kanuni ya pamoja ya sauti kwa USB hutambuliwa mara tu zinapochomekwa, hakuna cha kupakua. Shida huja kwa zile ambazo kichanganyio chake cha ndani huongozwa na programu iliyotengenezwa kwa Windows na macOS peke yake. Udhibiti wa baadhi ya kadi za Focusrite Scarlett uliomo kwenye kerneli leo ulianza kwa mtu wa nje ya kampuni kuchunguza jinsi kadi inavyowasiliana na kompyuta. Watetezi huutaja mfano huo kwa fahari, mimi naona unakata pande zote mbili: unaonyesha uwezo wa jamii ya programu huria, na pia unaonyesha kwamba mnunuzi anategemea bahati ya kuwapo mtu aliyeipenda kadi ile ile aliyonayo. Anayenunua baada ya kuuliza hatapata shida, lakini anayehamia Linux akiwa na vifaa alivyokwisha kununua anacheza bahati nasibu.

Ipo pia hoja ya umiliki, ambayo hutajwa haraka kuliko inavyostahili. Mwaka 2021 Audacity ilipochukuliwa na kampuni ya Muse Group, mapendekezo ya kukusanya takwimu za matumizi yalizua ghadhabu hadi yakaondolewa, na baadhi ya watumiaji wakauchukua msimbo na kuanzisha programu nyingine, Tenacity. Leseni ya GPL ndiyo iliyowapa haki hiyo. Mtumiaji wa programu iliyofungwa angebaki kunung'unika. Lakini ni chini ya mmiliki huyo huyo ambapo madoido yaliyosubiriwa kwa miongo miwili yalifika, kwa sababu palikuwa na watu wanaolipwa kuyatengeneza. Ardour, programu huria ya kurekodi muziki, imepita njia nyingine: msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na anayetaka nakala iliyo tayari kutoka kwa watengenezaji huilipia. Njia hiyo naiona ya heshima zaidi, na inawapunguzia nguvu wale wanaodhani kwamba programu huria lazima itengenezwe kwa saa za ziada.

Yote haya hayamsaidii sana mtu ambaye kazi yake ni ya kupokezana. Plagini, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani ya programu ya kurekodi, nyingi za kibiashara hazina toleo la Linux, ingawa mtindo wa kuzitengeneza uitwao VST3 unaruhusu, na zile zinazolindwa kwa iLok, mfumo wa kulinda leseni, hazina mlango rasmi kabisa. Ipo njia ya kuziendesha plagini za Windows kwa kuunganisha Wine, inayoendesha programu za Windows kwenye Linux, na yabridge, inayozifikisha plagini hizo ndani ya programu ya kurekodi, na watu wanaitumia kwa mafanikio, lakini sasisho moja la mfumo huweza kuiharibu usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Mradi wa Logic Pro, programu ya Apple ya kurekodi muziki, nao haufunguki kwenye Ardour jinsi ulivyo. Suluhisho la kawaida ni kutoa kila traki kama faili ya WAV inayoanzia sekunde ya sifuri: wimbo wa dakika 4 wenye traki 20 za mono, kwa biti 24 na sampuli 48,000, hufika karibu megabaiti 690, na hupangika sawasawa kwenye programu yoyote duniani. Kinachopotea ni mipangilio ya madoido na miendo ya sauti kupanda na kushuka, ambayo ama imekwisha kuchanganywa ndani ya faili au imeachwa nyuma. Kwa anayemkabidhi fundi mwingine kazi mara moja, hasara hiyo inavumilika. Kwa wanaorudishiana mradi mmoja kila siku chache, haivumiliki, na hao naona afadhali watumie Reaper, programu ya kurekodi ambayo si huria lakini ina matoleo ya Linux, Windows na macOS yanayofungua mradi ule ule, mradi tu wote wakubaliane kutumia plagini ambazo kila mmoja anazo.