Mlinzi apimwe kwa kalamu kabla ya kwata

Kampuni ya ulinzi ikitangaza nafasi hapa Tabora, vijana hufika na bahasha za kaki. Ndani yake mna namba ya NIDA, cheti cha darasa la saba au kidato cha nne, barua ya mtendaji, barua za wadhamini wawili na cheti cha mgambo au JKT. Kampuni makini hudai pia majibu ya alama za vidole kutoka polisi. Karatasi zikitimia, kijana anapimwa kimo, anakimbizwa kidogo, anapigishwa kwata. Jioni anapewa sare, rungu, filimbi na tochi, kesho yake yuko lindoni.

Simdharau aliyepita mgambo. Huko anapata nidhamu, ukakamavu na mazoea ya silaha, na sisi wa ukanda huu, ambako sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, tunajua thamani ya watu waliojipanga kulinda mali. Ila mgambo haumfundishi mtu kulinda ghala la tumbaku usiku kucha na asubuhi kueleza kilichotokea kwa namna ambayo polisi, mwenye mali na mahakama wataielewa. Mafunzo hayo ni juu ya kampuni, na ndiyo yanayorukwa.

Angalia daftari la matukio, lile ambalo walinzi wanaliita OB. Kwenye malindo mengi utakuta “lindo salama” imeandikwa kila baada ya saa moja, kwa wino uleule na mwandiko usiobadilika, mistari yote ikiwa imejazwa kwa mkupuo alfajiri. Siku ghala linapovunjwa, daftari hilo linamgeukia mlinzi mwenyewe: liliandika salama saa ambayo kufuli lilikuwa linakatwa.

Maandishi yanayofaa ni mafupi: “Saa 8:20 usiku. Nimekuta kufuli la mlango wa nyuma limekatwa. Sikuingia ndani, sikushika kitu. Saa 8:22 nimempigia msimamizi. Saa 8:25 nimepiga polisi 112.” Mna saa, mahali, alichokiona kwa macho, alichofanya na aliyemwarifu. Neno “nadhani” halina nafasi hapo. Kurasa ziwe na namba, usirukwe mstari, na aliyekosea akate kwa mstari mmoja unaosomeka kisha atie saini pembeni. Karatasi iliyochanwa au kufutwafutwa inazua maswali kuliko kosa lenyewe.

Na saa! Hili ni tatizo letu wenyewe. Mlinzi anaandika “saa 8” bila kusema usiku au mchana, msimamizi aliyezoea saa za simu anasoma saa mbili asubuhi, na tayari maelezo mawili ya tukio moja yanapingana. Kampuni ichague mtindo mmoja wa saa kwa malindo yake yote na kuufundisha siku ya kwanza.

Hesabu nayo ni ulinzi. Msimu wa masoko ya tumbaku, lori likishafika getini limefungwa turubai, mlinzi hana cha kukagua zaidi ya karatasi. Marobota yanahesabiwa yakipakiwa, mstari kwa mstari, jumla inalinganishwa na hati ya kutolea mzigo, ndipo turubai lifungwe na namba ya gari iandikwe. Kukabidhiana lindo ni vilevile: funguo zinahesabiwa moja moja, kila kufuli linavutwa kwa mkono, na wawili wanatia saini wakiwa pamoja. Anayepokea lindo kwa maneno ya “mambo shwari” amepokea pia wizi uliotokea zamu iliyopita.

Moto hufundishwa kwa dakika tano, ikiwa hufundishwa kabisa. Mtungi wa unga wa kilo 6 ukifunguliwa hauchukui hata nusu dakika kwisha, kwa hiyo asiyewahi kuushika ataumalizia hewani. Achomoe pini, asimame kama mita 2 upepo ukiwa mgongoni, aelekeze kwenye shina la moto na kufagia kushoto na kulia. Robota la tumbaku lina hila zake: ndimi zinazimika nje huku ndani likiendelea kufuka, kisha linawaka upya watu wakiwa wamekwishaondoka. Linahitaji kutenganishwa na mengine na kuloweshwa maji. Wa kupigiwa ni zimamoto, 114, na apigiwe kabla ya kuanza kuhangaika na mtungi. Kila zamu mlinzi aangalie mshale wa mtungi uko kwenye kijani na pini ipo.

Kuhusu kukamata, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inamruhusu raia kumkamata anayemwona akiiba, na inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haimruhusu kumpiga. Mlinzi anayemfunga mwizi kamba na kumtwanga rungu anaweza kulala mahabusu yeye, na wananchi wakishajaa getini hataweza tena kuwazuia. Bunduki ina sheria yake, ya mwaka 2015, na cheti cha mgambo hakichukui nafasi ya kibali. Inapobadilishana mikono iwe tupu, chemba wazi, mdomo ukielekea pasipo na mtu, namba yake na idadi ya risasi zikiingia daftarini.

Yote haya yanafundishika ndani ya wiki mbili. Lakini hayatashika kwa mtu aliyechoka. Siku sita za saa 12 ni saa 72 kwa wiki, wakati saa za kawaida kisheria ni 45. Ziada ya saa 27 mara wiki 4 ni saa 108, na sheria ya ajira ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 50 kwa kipindi hicho. Hata ukitoa saa moja ya mapumziko kila zamu, zinabaki 84. Ziada inalipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Inaniuma kumsikia mlinzi akiitwa mzembe kwa kusinzia, ilhali ratiba yake ilipangwa na mtu anayelala kila usiku.

Nawe mwenye ghala unayelipia ulinzi, usiulize tu bei ya mlinzi kwa mwezi. Uliza alifundishwa nini, siku ngapi, na nani. Kisha kila asubuhi kabla hujafungua mlango, soma ukurasa wa usiku wa jana na utie saini chini yake.