Mshahara ni mwezi mpevu

Baba anamuaga mwanawe anayekwenda kutafuta kazi. Hamuusii uaminifu. Anamwambia mshahara ni mwezi mpevu: unauona siku moja, kisha unapungua mpaka unatoweka, chemchemi isiyokauka ni kile kipato cha pembeni. Hayo yamo mwanzoni mwa "Namak ka Daroga", hadithi fupi ya Premchand, mwandishi wa lugha ya Kihindi, ya zaidi ya miaka 100 iliyopita, India ikiwa bado mikononi mwa Waingereza. Kijana huyo, Vanshidhar, anapata kazi ya ukaguzi wa chumvi, bidhaa iliyotozwa ushuru na mkoloni, na hamfuati baba. Usiku mmoja anakamata mikokoteni ya tajiri Alopidin imesheheni chumvi ya magendo. Anaahidiwa rupia 1,000, zinapanda hadi 40,000, anakataa. Mahakama inamwachia tajiri. Anayefukuzwa kazi ni mkaguzi.

Wanaoamini kuwa fasihi ya Kihindi inaonyesha maadili yakiporomoka huanzia hapo, kisha huruka hadi 1968, Shrilal Shukla alipotoa riwaya ya "Raag Darbari". Kijijini Shivpalganj uhuru umeshapita miaka 20 na ushei, chuo na chama cha ushirika vimo kiganjani mwa Vaidyaji, kigogo wa kijiji, na mwenye msimamo si shujaa tena. Ni Langad, kiwete anayefuatilia nakala ya hati ofisini bila kutoa hongo, akageuka kichekesho. Ukiwaweka Vanshidhar na Langad bega kwa bega, kuporomoka unakuona.

Mimi bado nasita. Mwaka 1881 Bharatendu Harishchandra alikwishaandika tamthilia ya "Andher Nagari", ambamo mtu anapelekwa kunyongwa kwa sababu tu ni mnene na shingo yake inaenea kitanzi. Hiyo enzi njema ilikuwa lini basi? Na Langad naye hakuanza kwa kukataa hongo. Karani alitaka hongo ya rupia 5, yeye akashikilia kuwa bei inayojulikana ni 2. Waligombania bei kwanza. Kuapa kufuata sheria kulikuja baadaye, tena waliapa wote wawili!

Harishankar Parsai, bingwa wa kejeli, alililenga tumbo, yaani njaa. Katika kisa chake mfalme anawavisha watumishi hirizi ya uadilifu. Tarehe 2, mshahara ukiwa bado mfukoni, anajigeuza raia na kumjaribu karani kwa hongo, karani anakataa. Tarehe 31, mshahara umeshakwisha, anapokea. Mfalme anaitegea sikio hirizi, anaisikia ikisema: leo ni tarehe 31, leo chukua tu. Baba yake Vanshidhar asingeshangaa hata kidogo.

Lakini njaa haielezi kila kitu. Alopidin hakuwa na njaa, wala Vaidyaji. Hapo wanaolilia maadili wana haki yao, na sina jibu la kuwanyamazisha.

Hata uaminifu wa Vanshidhar una utata: alikuwa akilinda ushuru wa mkoloni, uleule ambao Gandhi alitembea hadi kijiji cha Dandi kuupinga mwaka 1930. Mwishoni Alopidin anamfuata nyumbani na kumpa usimamizi wa mali yake yote kwa rupia 6,000 kwa mwaka. Wapo wanaosoma hapo ushindi wa haki. Mimi naona mlanguzi aliyejua fika nani wa kumkabidhi funguo zake. Vanshidhar anatia saini, machozi yakimlengalenga.